Wiki ya Kukodi Ggaba na Bima ya Mtu Mmoja

Nianze na ujinga wangu mwenyewe kabla wengine hawajaniwahi: nilikata bima ya mtu mmoja kwa safari ya watu wawili, na huyo mmoja nilikuwa mimi.

Mimi ni mtu wa nyumbani. Natunza stoo ya kahawa hapa Bukoba, na kutoka stoo hadi kitandani kwangu ni safari ya kunitosha. Aliyetaka kusafiri ni mke wangu, Justa. Tangu tuoane ndiye anayeamka wa kwanza. Siku moja akasema, bila kugomba, "Nataka wiki moja ambayo hakuna mtu ataniuliza chai iko wapi."

Bwana Lwanga, mnunuzi wa kahawa kutoka Kampala, akatupatia dawa. Ana wiki yake katika nyumba ya mapumziko Ggaba, kando ya ziwa. Nyumba ile ina wenyewe wengi, na kila mmoja amenunua wiki yake ya mwaka. Ikipita, anaingia mwingine. Mwaka huo alikuwa akimwoza binti, akaamua kutukodisha yake.

"Jumamosi hadi Jumamosi," alituambia. "Haisogei. Ufunguo unachukuliwa Jumamosi kabla ya jua kuzama. Asiyefika, wiki yake imelala."

Sasa mimi, katika miaka yangu yote ya stoo, sijawahi kuona gunia likisafiri bila bima. Nikaenda kwa dada mmoja anayeuza bima mjini.

"Nyumba mmeikodi kwa kampuni au kwa mwenye wiki?" akauliza.

"Kwa mwenye wiki."

"Basi wiki ikipotea, sisi hatumo. Tunalipa mwili tu."

"Mwili wa nani?"

"Wa aliyekatiwa, mzee."

Justa anaamini kwamba kulipia ajali kabla haijatokea ni kuituma ije. Nikaona nisimsumbue. Nikajikatia peke yangu, kimyakimya, nikaificha karatasi ndani ya soksi za akiba. Nilijiambia kwamba miguu yake ni mizima kuliko yangu. Hilo lilikuwa kweli, kama mtakavyoona.

Ijumaa asubuhi tuliondoka. Mpaka wa Mutukula tuliuvuka salama. Justa alikaa dirishani akihesabu migomba ya watu kana kwamba ataulizwa. Mimi nilikuwa nikitazama shingo ya dereva, nihakikishe hasinzii. Kufikia Masaka shingo yangu ndiyo iliyokuwa imekakamaa.

Jioni tulifika Kampala, tukalala kwenye nyumba ya wageni Kibuli, chini kidogo ya msikiti. Wenyeji walimsemesha Justa Kiganda, naye akawajibu Kihaya, wakaelewana vizuri. Mimi nilisema Kiswahili, ambacho kwao ni lugha ya jeshini, wakaniuliza kama ni askari.

Jumamosi asubuhi tulitakiwa kuteremka kilima tukatafute usafiri wa Ggaba. Kijana wa bodaboda akasimama mbele yetu. Nikamkatalia. Nikamweleza Justa, huku tukitembea, kwa nini mtu mwenye akili hapandi pikipiki mjini: breki, mashimo, ujana. Nilikuwa nimefika kwenye ujana nilipokanyaga mtaro usio na mfuniko.

Mguu ulitoa sauti ambayo sitaieleza. Yule kijana alikuwa bado anatufuata polepole. Akazima injini, akanichungulia.

"Muzee," akasema, "wewe nakataa boda, sasa mguu nakataa wewe. Panda tu."

Nilipanda.

Hospitali walitaka kujua nani analipa. Ikabidi nimwombe Justa anipe zile soksi za akiba. Karani akapiga simu Bukoba, akaitikia kwa kichwa, akaandika. Justa aliisoma karatasi yote, mbele na nyuma.

"Na yangu iko soksi gani?" akauliza.

Nikasema mguu unauma. Ulikuwa unauma kweli, lakini wakati ule nilishukuru.

Kufikia mchana mfupa ulikuwa umenyooshwa, nimefungwa plasta hadi gotini, nimelazwa wodini. Bima ililipa yote: daktari, dawa, kitanda. Ndipo nesi akaja akauliza, "Mtu wako yuko wapi?"

Nikamwonyesha karatasi.

"Hapana, mzee. Mtu. Wa kukuletea uji, kukufulia, kumwaga beseni. Hapa kila mgonjwa ana mtu wake. Na wewe utakaa wiki nzima."

Nikatazama vitanda vingine. Kando ya kila kimoja kulikuwa na mkeka, na juu yake mama, dada au mjomba. Kwenye ile karatasi, mbele na nyuma, hapakuwa na mkeka.

Justa akamweleza nesi habari ya nyumba ya ziwa na ufunguo wake. Alitandika kanga sakafuni, akakaa, akaweka mkoba wake mapajani. Jua lilikuwa limeshaanza kuinama upande wa dirisha. Mimi niliona, na yeye aliona kwamba nimeona.

Kitanda cha pili alilala kijana Mkongomani, na mtu wake alikuwa dada yake, Mama Furaha, mwuza vitenge kutoka Bukavu. Alikuwa ametusikiliza muda wote.

"Mama," akamwambia Justa, "ile nyumba ya ziwa, ufunguo ni wa leo?"

"Ni wa leo."

"Enda. Mimi niko hapa juu ya ndugu yangu. Huyu baba pia nitamuchunga. Bagonjwa babili ni kazi moja, bote banalala."

Justa akanigeukia. Niseme ukweli, nilitaka abaki. Nilianza kuguna, si kwa nguvu sana.

"Baba," akasema Mama Furaha, "ngoja kwanza atoke, kisha utalia vizuri."

Nikasema, "Nenda." Nilipoinua macho mkoba ulikuwa umeshafika mlangoni.

Wiki yangu ya mapumziko ilipita hivyo: uji wa Mama Furaha asubuhi, dharau zake mchana. "Bima yako inalipa nini?" aliniuliza siku moja. "Mguu," nikasema. "Mguu tu? Na mwenye mguu?" Akaenda kumwaga beseni langu.

Jumatano Justa alikuja kututazama. Alileta sato wa kukaanga kutoka mwaloni Ggaba, mitumbwi inaposhushia samaki, wanne: mmoja wangu, mmoja wa kijana, wawili wa Mama Furaha. Uso wake ulikuwa umenawiri, nikashindwa kumkumbuka alivyokuwa Ijumaa. Alilala hadi jua linapanda, akasema. Alikaa barazani akatazama wachuuzi wakigombania samaki, na yeye hakugombania chochote. Chai aliinywa baridi, kwa sababu aliisahau.

"Umenikosa?" nikauliza.

"Jumatatu kidogo," akasema.

Jumamosi aliurudisha ufunguo, akaja kunichukua. Bima ilinilipia viti viwili vya basi, cha kwangu na cha mguu. Mutukula ofisa akauliza tulikwenda Uganda kufanya nini. "Kupumzika," tukajibu kwa pamoja. Akaitazama plasta, akagonga muhuri.

Nilichojifunza si kingi. Wiki ya kukodi kwa mtu haina bima, kwa hiyo atakayeifikia na aiwahi. Na kabla hujauliza nani atalipa, uliza nani atakaa kwenye mkeka. Mama Furaha tumemtumia kahawa.

Jirani yetu, Ma Sabina, alikuja jioni ileile tuliyofika Bukoba kunipa pole. Nilimsimulia safari yote kuanzia hatua ya kwanza, kama nilivyowasimulia ninyi. Alimtazama Justa, akanitazama mimi na mguu wangu juu ya kigoda, akasema:

"Aliyesafiri ni Justa. Wewe Ta Fideli ulikuwa mzigo, ndiyo maana ulikatiwa bima."