Slaidi Kumi na Tisa za Mzee Ditram

Marehemu Mzee Ditram, Mungu amlaze mahali pema, hakuwa mtu wa kusema "hakuna" upesi. Baba yake alikata mkonge Kilosa, na mzigo uliopungua hata jani moja kati ya thelathini ulirudishwa. Mtoto akakua ndani ya kuhesabu huko. Alipokuwa msomaji wa damu katika zahanati moja upande wa Chanzuru, alisogeza slaidi, kile kioo chenye tone la damu, chini ya hadubini mara mia mbili kamili, kila mara akitazama sehemu mpya, ndipo aandike kwamba mgonjwa hana wadudu wa malaria.

Mwaka 1997, maduka ya dawa ya watu binafsi yakiwa yamefunguliwa kila kona, watafiti walikuja kujaribu kipimo kipya: kipande cha karatasi kinachoonyesha mstari kikikuta malaria kwenye damu. Ditram alipewa slaidi za wagonjwa wale wale, zikiwa na namba tupu, asijue ni za nani wala karatasi imesemaje, ili asivutwe upande wowote.

Asubuhi moja Daktari Anselmi, kiongozi wa utafiti, kijana wa umri wa wanawe, aliingia bila hata shikamoo.

"Mzee, watu kumi na tisa karatasi inasema wana malaria, wewe umeandika hakuna. Macho yamechoka hayo. Jumatatu naleta msomaji mwingine."

Miaka ishirini na miwili kwenye kiti kile! Ditram akamwomba Mungu kimoyomoyo ampe ulimi mpole.

"Walimeza dawa kabla ya kuja?"

"Fomu zinasema hapana."

"Anayejaza fomu ni nesi, na nesi huwagombeza wanaopitia dukani kwanza. Nani atakiri mbele yake? Daktari, mwanangu, mimi hizi namba sizijui ni za nani. Wewe unazijua. Nenda majumbani kwao. Fomu iache. Kaa, kunywa uji, ndipo uulize."

"Utafiti wa uji huo!" Anselmi akacheka. Lakini alikwenda, na zile slaidi akazipeleka Morogoro kwa msomaji wa huko, naye asiambiwe lolote.

Siku zile Ditram alisali na kula kidogo.

Jumatatu Anselmi alirudi peke yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Msomaji mwingine yuko wapi?"

"Hayupo. Kumi na sita walikuwa wamemeza dawa ya klorokwini wiki iliyotangulia. Mmoja wao, Bibi Mwanasha, alinishika mkono: 'Baba, nesi asijue!' Wadudu walishakufa, karatasi ikaona masalia yao tu. Na Morogoro wamekubaliana na wewe katika slaidi kumi na nane."

"Zilikuwa kumi na tisa."

"Moja wameona mdudu. Mmoja tu, mzee. Hiyo si kitu."

Ditram alifuta miwani kwa upindo wa shati, akavuta kiti chake.

"Nipe hiyo moja," alisema, akaanza kuhesabu upya.

Mara ya mia moja na sabini na tatu akamwona mdudu yule, na kwenye fomu ya marekebisho akatia sahihi yake mwenyewe.