Mashine Iliyofundishwa Heshima

Ofisini aliitwa Citoyenne Nkandu, yaani Raia Nkandu, kwa sababu serikali ilikuwa imekataza majina ya ubatizo. Sisi watu wa Jumamosi tulimwita Adolphine, jina alilopewa na padri, na hakuna aliyetufunga kwa hilo.

Leo nasikia kwamba ng'ambo kuna majumba marefu yenye mamia ya watu wasio na kazi nyingine ila kutunga michezo ya kompyuta. Heri yao. Hapa Lubumbashi, mwaka 1982, jumba letu lilikuwa chumba cha mashine, yaani kompyuta, cha kampuni ya shaba, na sisi tulikuwa watatu. Constantin alichora mchezo kwenye karatasi ya miraba. Adolphine, aliyeanza kazi mwaka 1968 kama mtoboaji wa kadi, zile zenye matundu ambayo mashine huyasoma, aliandika amri za kuuendesha. Mimi, Kapya, niliilisha mashine kadi na kuujaribu mchezo mpaka uharibike, kisha tukaanza upya. Mkuu wetu aliyaita hayo mafunzo na akatuachia Jumamosi mchana. Tulitunga mchezo wa kubahatisha namba, kisha wa kupanga mabehewa ya shaba bila kuyagonganisha. Wa tatu ulikuwa kisolo.

Kisolo ni bao la safu nne za vishimo, na kokoto unazozigawa ili kumla mwenzako, yaani kumnyang'anya zake. Mtu aliyekijua kuliko wote alikuwa baba yake Adolphine, Mzee Anaclet. Alifanya kazi chini ya ardhi miaka thelathini na moja kule Kambove, na wenzake walikuwa wakichimba vishimo vya kisolo mchangani wakingoja zamu. Sasa alikuwa mjane, anaishi kwa binti yake, mtaa wa Naviundu, na kifua kilikuwa kinammaliza. Daktari alishasema mwaka hautaisha naye. Kwa miezi sita Adolphine alikaa naye uani na daftari, akimuuliza kwa nini ameacha shimo hili na kula lile. Mzee alijibu yote kwa subira, na kila mara alimaliza kwa kuuliza ni lini atacheza na hiyo mashine. Hakutaka kitu kingine. Adolphine aliomba Mungu amwachie baba yake mpaka siku hiyo, basi.

Mchezo ulipokamilika, ulitula vibaya. Constantin alishindwa mara tisa mfululizo akakasirika kama mtoto. Hapo Adolphine akaingiwa na hofu. Alisema hawezi kumleta baba yake, mgonjwa vile, aje kuaibishwa na kabati la chuma. Hatukubishana naye. Kwetu, mkwe anayecheza kisolo na baba mkwe wake hujua kushindwa kwa adabu, na hakuna anayeuita huo uongo. Kwa hiyo Adolphine akaongeza kadi saba. Mashine ikiona kwamba inakaribia kushinda, iache shimo zuri icheze baya. Mimi, kwa ujuaji wangu, nikaomba kwamba kila inapofanya hivyo, printa ya chumba cha pili iweke nyota kando ya hatua hiyo, tujue kama kadi zinafanya kazi.

Siku ya mzee kucheza ilipangwa Jumapili, nami nilikuwa zamu. Mzee alikuja amevaa koti na tai, maana chumba kile kilikuwa na baridi ya kutunza mashine. Aliketi mbele ya kioo chenye namba za kijani, akawa anaonyesha shimo kwa kidole, na binti yake anabonyeza. Mchezo wa kwanza ulichukua saa nzima. Alikohoa, akafikiri, akahesabu kokoto kwa midomo. Alishinda. Hakucheka. Alisema turudie.

Wa pili alicheza kama mtu aliyelala. Aliacha mashimo yaliyojaa wazi, akapeleka kokoto mahali ambapo hata mimi nisingepeleka. Nilidhani amechoka. Akashinda tena. Alikitazama kioo, kisha akamgeukia binti yake.

"Mutoto wangu, tangu nilitoka kazi bantu bote banaachaka nishinde. Bakwe, bajirani, bote. Mi nilisema, mashini haina baba, haijue heshima, ile njo itaniambia kweli kama ningali muntu. Huu wa pili nilicheza mubaya kwa kusudi, na bado nilishinda. Sasa na ile munaifundisha kunihurumia."

Adolphine alipiga magoti pale pale kwenye sakafu ya baridi.

"Hata ule wa kwanza?" mzee aliuliza.

"Hata ule, Papa. Unisamehe."

Mzee alimwinua kwa mkono, akasema hana kinyongo, akaomba arudishwe nyumbani. Tulimfuata mpaka nje. Hakuna aliyeingia chumba cha pili kutazama karatasi.

Jumatatu Adolphine alizitoa zile kadi saba na kuzichana. Alimwahidi baba yake kwamba Jumapili inayofuata mashine itamla bila huruma, na mzee akaitikia kwa kichwa. Alifariki Ijumaa asubuhi. Wanakwaya waliimba kwenye matanga, watu wakasema mzee amekufa vizuri, kati ya watoto wake, na Adolphine akawashukuru mmoja mmoja.

Mimi ndiye niliyeikuta ile karatasi, wiki mbili baadaye, nikisafisha printa. Mchezo wa pili ulikuwa na nyota kumi na nne. Wa kwanza ulikuwa mweupe, hatua zote, hauna nyota hata moja. Mashine haikuwahi kukaribia kumshinda. Nilikaa nayo siku nne bila kulala vizuri, nikijiambia kwamba ukweli mwingine ni heri ubaki mfukoni. Siku ya tano nilimpa Adolphine, kwa sababu haikuwa yangu.

Aliisoma akiwa amesimama, akipitisha kidole kwenye ukingo kuanzia juu mpaka chini, kisha akairudia. Constantin alimsogezea kiti lakini hakukaa.

"Alishinda, Kapya," alisema. "Alishinda kweli, na mi njo nilimuambia hapana."