Neno Alilolitaja Verna Uwanjani Carrick

Verna Hryciuk hapendi kipa wa hoki ya barafuni anayepiga magoti. Ukimkuta dukani pale mjini Dolyna, mbele ya friji ya maziwa, atakueleza bila kuulizwa. Kipa ni wa kusimama, atakwambia. Macho mbele, gongo chini, kaugusa mlingoti wa kushoto, kaugusa wa kulia, anajua alipo. Vijana wa siku hizi, mtu hata hajapiga, wao wameshajimwaga kwenye barafu, mguu huku na mguu kule. "Kipa akipiga magoti anasali, hadaki," husema, na akianza hivyo ujue hutoki dukani leo.

Hata Bohdan Lysak hapiti karibu yake kwa amani. Bohdan ndiye kipa wa Dolyna kwa sasa, kijana mpole wa miaka ishirini na miwili anayefanya kazi kwenye ghala la ngano.

"Bohdan."

"Naam, mama."

"Jumamosi ulianguka mara ngapi?"

"Sikuanguka, mama. Ndiyo staili ya siku hizi. Naziba chini."

"Na juu anaziba nani? Mimi?"

Bohdan hucheka, akambebea mfuko hadi kwenye gari, na Jumamosi inayofuata anapiga magoti vilevile.

Kanuni za ligi nazo zinamnyima usingizi. Kila timu imeruhusiwa kusajili wachezaji watatu wanaoishi zaidi ya kilomita sitini kutoka mjini kwao. Verna anawaita mamluki, wote kwa jumla, hata wa Dolyna, hata yule anayeongoza kwa mabao. Ameiandikia kamati ya ligi barua mbili. Ya kwanza hawakuijibu. Ya pili waliijibu kwa adabu, na hilo ndilo lililomuudhi zaidi. Halafu ipo hii ya mikwaju. Mechi ikiisha sare, wanatoka mmoja mmoja kumpigia kipa, kama vile mchezo wote wa kwanza ulikuwa wa kupasha mwili joto. Verna hakai kuyaona hayo. Refa akiita mikwaju, yeye hufunga chupa yake ya chai, akavaa glavu na kwenda zake nyumbani.

Lakini ipo kanuni moja ambayo haimo kwenye kitabu cha ligi, na hiyo watu wa kule wameinyonya na maziwa ya mama. Wakati mechi inaendelea, kama kipa hajaruhusu kile kisahani cheusi wanachochezea badala ya mpira kuingia hata mara moja, mtu haruhusiwi kulisema. Sifuri unaiona pale juu ubaoni, imekukodolea macho, nawe unatazama kando. Unaweza kusema kipa yuko macho leo. Unaweza kusema hali ya hewa ni nzuri. Neno "hajafungwa" halitamkwi mpaka kengele ya mwisho ilie.

Mwaka wa sabini na tisa alikuja padri mgeni kutoka mji mkubwa, Padri Zenon, mtu mwema asiyejua hoki. Fainali, kipindi cha tatu, Dolyna inaongoza bao moja, naye akasimama nyuma ya benchi la timu yake mpya, akasema kwa furaha yake yote, "Jamani, kijana wetu hajafungwa hata moja." Dakika nne baadaye kijana alikuwa amefungwa mawili. Kijana mwenyewe alikuwa Metro Hryciuk, mume wa Verna. Mpaka Pasaka, Metro aliendesha gari kilomita arobaini kila mara kwenda kuungama kwa padri wa watu wengine.

Metro alidakia Dolyna misimu kumi na minane. Pua ilivunjika mara tatu, na vidole viwili vya mkono wa kushoto havikunjiki hadi leo. Verna alikaa nyuma ya goli lake misimu yote hiyo, na Metro alipostaafu walikaa pamoja benchi lilelile, miaka thelathini na zaidi, blanketi moja magotini na chupa ya chai katikati. Timu ilishuka, ikapanda, ikavunjika misimu miwili kwa kukosa wachezaji, ikafufuka. Wao walikuwepo. Watu wengine walihamia kushabikia Carrick, maana Carrick ni mji wenye hospitali na vikombe, na Verna hakuwasema kwa ubaya. Aliacha tu kuwaalika kula kabeji yake ya kuviringishia wali na nyama wakati wa Krismasi.

Halafu Metro akaanza kupotea kidogo kidogo. Kwanza funguo, kisha njia ya kwenda posta, kisha majina ya wajukuu. Januari ya mwaka jana, asubuhi, baridi ya kukata masikio, alifungua mlango akatoka na ndara kwenda mazoezini, akakutwa na dereva wa gari la kuzoa theluji karibu na makaburi. Hapo Verna hakuwa na la kufanya tena. Nafasi katika makao ya wazee ilipatikana mahali pamoja tu, na mahali penyewe ni Carrick.

Alimpeleka mwenyewe. Kila siku ya pili akachomoa waya wa umeme unaoizuia injini isigande, akaendesha nusu saa kwenda kumwona, akarudi. Alimpelekea picha. Alimpelekea kabeji. Alimpelekea kinyago chake cha kipa cha zamani, kimebanduka rangi, na Metro akakipokea kwa heshima, akakiweka kitandani kama mali ya mtu mwingine. Tangu Novemba hakumwita mkewe kwa jina. Alimwita "yule mama". "Yule mama mwenye chai amekuja," angemwambia muuguzi, na kumkaribisha vizuri, maana Metro hakuwahi kukosa adabu.

Verna hakutaka mengi. Daktari alishamwambia asitegemee kitu, naye alielewa, si mtoto. Alitaka kusikia jina lake mara moja zaidi kwa sauti ile, basi, akiwa anajua kwamba ni mara ya mwisho. Mara ya mwisho ya kweli ilikuwa imempita bila yeye kuitambua, aliitwa kwa jambo la sukari au la mlango tu, na hilo lilimuuma kuliko lolote.

Machi ikafika, na mtoano ukazikutanisha Dolyna na Carrick, mechi tano, ya kwanza Carrick, Jumapili saa nane mchana. Makao ya wazee hupewa sehemu yake uwanjani, pale pasipo na ngazi, ili viti vya magurudumu vipite. Sehemu yenyewe iko katikati ya mashabiki wa Carrick. Miaka hamsini Verna hakuwahi kuketi upande ule, wala kununua hata kahawa kwenye kibanda chao. Siku ile aliingia na skafu yake ya kijani, akazunguka uwanja wote watu wa Dolyna wakimwangalia, akaenda kuketi kwenye wekundu.

Metro alikuwa amefungwa skafu nyekundu.

"Nani kamvalisha hii?"

"Mimi, mama," alisema Marivic, muuguzi wake, mwanamke wa Ufilipino mwenye sauti laini. "Wanagawa bure mlangoni. Nimeona shingo iko wazi."

"Mwanangu, huyu mtu alivunjwa pua mara tatu na hiyo rangi."

Alijaribu kuivua, lakini Metro aliishika kwa mikono miwili. "Ni yangu," alisema. "Yule mama anaichukua." Verna akaiacha. Alimimina chai, akampa, akakaa kando ya skafu nyekundu kwa mara ya kwanza katika maisha yake.

Dolyna walipata bao mapema, na lilifungwa na mamluki. Verna alipiga makofi mawili, akaacha. Baada ya hapo Carrick walishambulia kama watu waliotukanwa. Kila walichopiga Bohdan alikizuia, kwa pedi, kwa gongo, kwa kifua, na ukweli usemwe, nusu ya hivyo alivizuia akiwa chini magotini. Verna aliliona hilo. Hakumwambia mtu.

Kipindi cha pili kikaisha. Gari la kulainisha barafu likapita, wazee wakagawiwa viazi vya kukaanga vyenye mchuzi, na kipindi cha tatu kikaanza. Metro alikuwa ametulia, macho barafuni, uso hauna kitu. Bohdan akarudi golini upande wao, karibu kabisa. Akagonga mlingoti wa kushoto, akagonga wa kulia.

Na Verna akausikia mlio mdogo pembeni yake. Mkono wa Metro, ule wenye vidole visivyokunjika, uligonga mkono wa kiti. Kushoto. Kisha mwingine. Kulia.

Alimtazama. Mabega yalikuwa yameinuka kidogo. Kisahani kikienda kona, kidevu chake kilikwenda kona. Mtu alikuwepo mle ndani. Hakuwa mume, hakuwa babu wa mtu, lakini kipa alikuwepo, na yuko kazini.

Akamwita. "Metro." Hakugeuka. "Metro, ni mimi." Wapi. Zilikuwa zimebaki dakika sita na ubaoni kuna moja na sifuri. Verna aliitazama ile sifuri. Alitazama ng'ambo, kwenye benchi lake, kwa watu wake wa kijani waliokaa kimya wakiuma glavu zao. Alijua kitu anachotaka kufanya, na alijua ni kosa la namna gani. Akainama sikioni kwa mumewe, akasema kwa sauti ya kusikika safu tatu:

"Bohdan hajafungwa hata moja."

Wekundu wote wa karibu waligeuka. Mzee mmoja aliyeketi nyuma aliachia uma wake ukaanguka kwenye viazi. Na Metro Hryciuk akageuza shingo polepole, akamkazia macho, macho yake mwenyewe, yamejaa hasira.

"Verna," alisema. "Funga domo lako. Unataka kumponza kijana wa watu?"

"Umesemaje?"

"Nimesema ufunge domo, Verna. Umekuwa Padri Zenon wewe?"

Akarudisha macho barafuni. Verna akafunga domo. Aliubana mdomo kwa glavu zote mbili, na machozi yakateremka yakaloanisha skafu ya kijani, na mwili ukawa unatikisika asijue ni kulia au ni kucheka. Dakika mbili hazikupita, Carrick wakasawazisha. Uwanja ukalipuka.

Mzee wa nyuma alimgusa bega. "Mama, asante. Kumbe uko upande wetu."

"Pole, mama," alisema Marivic, akimpapasa mgongo. "Usilie. Bado kuna muda, mtafunga lingine."

Hawakufunga lingine. Ilikuja mikwaju, na Verna, kwa mara ya kwanza, hakufunga chupa ya chai. Alikaa mpaka mwisho kwa sababu Metro alikuwa anaangalia. Dolyna wakashindwa. Mlangoni, Marivic alipokisukuma kiti, Metro aliinua mkono kwa adabu.

"Ahsante kwa chai, mama," alisema.

Jumatatu habari ilikuwa imeshafika dukani kabla ya mkate. Phyllis, rafiki yake wa miaka yote, alimpita penye mboga akimsalimia nusunusu. Mwanamume mmoja wa benchi lao alisema kwa sauti kwamba wapo watu wangehamia Carrick moja kwa moja ingekuwa afadhali. Verna akaenda zake kwenye friji. Alijua amekosa, na kwa watu wale alikuwa amekosa kweli. Alichukua maziwa yake, na alipogeuka, Bohdan alikuwa amesimama mbele yake na vumbi la ngano kwenye nyusi.

"Mama. Wanasema ulilitaja."

"Nililitaja."

"Wanasema ulilitaja makusudi. Mimi nimewaambia haiwezekani."

"Makusudi, Bohdan. Nilikuona unavyodaka, nikalitaja makusudi." Akaweka maziwa chini. "Metro alikuwa hajaniita jina tangu Novemba. Nilijua kwa hilo atanikaripia. Akanikaripia. Aliniita Verna, mara mbili."

Bohdan alivua kofia, akaikung'uta vumbi kwenye goti, akaivaa tena. Watu wa penye mboga walikuwa wameacha kuchagua mboga.

"Mechi ya tatu tunarudi kule," alisema mwishowe. "Jumapili."

"Najua. Nitakaa kimya, mwanangu. Hutanisikia."

"Hapana, mama." Akaokota maziwa, akayatia kwenye mfuko wake. "Subiri tufike kipindi cha tatu, halafu litaje. Mimi nitajitahidi kusimama."