Papa Mkubwa Angekula Nini

Baba yangu hajawahi kuiona bahari. Maji makubwa aliyowahi kuyaona ni ya ziwa, kule Mwanza, alikokwenda ujanani kuuza ng'ombe, na alirudi akisema ni mengi kupita kiasi, yanampotezea mtu nafasi ya kulima. Hata hivyo mwaka huu wote, nyumbani kwetu nje ya mji wa Shinyanga, hakuna aliyezungumza habari za bahari kama yeye. Aliyemtia maneno hayo kichwani ni mimi.

Nafundisha baiolojia sekondari, mjini. Nina ugonjwa wa walimu: siwezi kumwona mtu amekaa kimya nisimfundishe kitu. Na baba alikuwa kimya tangu duara moja la upande wa Runzewe lilipoporomoka na kumfukia kaka yangu. Duara ni shimo tu. Wachimbaji wadogo hushuka kwa kamba, wakifika chini wanatoboa kwenda pembeni, wanafuata mwamba wenye dhahabu. Wenzake walitoa kifusi kwa mikono na ndoo. Siku ya kwanza walisema wanasikia mtu akigonga mwamba kule ndani, maana ndivyo wanavyofundishana: njia ikikuziba, usipige kelele ukamaliza pumzi, gonga. Kisha mvua ikanyesha, kuta zikazidi kumeguka, wakazuiwa wasiendelee wasije wakafa na wao. Hatukupata mwili.

Jumamosi moja nilikwenda kumsalimia baba, nikamkuta anabangua karanga bila neno. Nikaanza kumpigia soga za samaki. Nikamweleza silikanti, ambaye wataalamu walimjua kwa mabaki yaliyogeuka mawe tu, wakaapa kwamba alikwisha zamani za mijusi mikubwa, mpaka siku alipovuliwa yuko hai. Nikamwambia hata Tanga, hapahapa Tanzania, wavuvi huwa wanamnasa.

Baba akaweka karanga chini. "Waliosema amekufa, mzoga wake waliuona?"

"Hapana, baba. Walikuwa hawajamwona hai, basi."

"Ahaa," akasema, na hiyo ahaa yake ilikuwa na uhai ambao sikuwa nimeusikia kwa miezi. Nilirudi mjini najisifu ndani ya bajaji kama mganga aliyeponya mtu.

Haikupita muda, jirani akamwonyesha kwenye simu video ya papa mkubwa wa kale, yule aliyekuwa mrefu kuliko lori la pamba, anapita chini ya meli kama kivuli. Maandishi yalisema bado anaishi kwenye vilindi ambavyo binadamu hajafika. Ilikuwa video ya kutengeneza, mtu yeyote mwenye macho angeona. Lakini baba alikuwa ameshapata silikanti kutoka kwa mwalimu, na papa akakaa vizuri juu ya huyo silikanti. Kila mgeni aliyekuja kutoa pole alisimuliwa. Kama samaki mkubwa namna ile anaweza kukaa chini wasomi wasimwone, alisema, nani anajua yaliyoko chini ya ardhi? Huko migodini mashimo hupasukiana, mtu huingilia hapa akatokea pengine.

Hakusema hata siku moja kwamba kaka yuko hai. Alisema, "Tusiharakishe." Lakini gharama ya kusubiri kwake ililipwa na mtu mwingine, naye ni mke wa kaka yangu. Matanga yalikuwa hayajaanuliwa, kwa hiyo msiba ulikuwa bado uko ndani. Alilala chini mkekani. Hakwenda sokoni, hakwenda kwao kumwona mama yake aliyekuwa anaumwa, na hakuna aliyejua amwite mke au mjane. Alikonda tukimwangalia. Nami nilipokuwa nikimwangalia nilikuwa naiona kazi ya silikanti wangu.

Shangazi, dada yake baba, ndiye aliyenipigia simu. Huwa hazungushi maneno. "Mzee hasikii la ndugu wala la mchungaji. Kila tukisema tuanue matanga anatuletea papa. Wewe ndiye uliyeanza. Njoo umtoe huyo papa humu ndani."

Nikaenda. Nilijiambia naenda kwa ajili ya wifi yangu, na ni kweli, lakini sitadanganya: kulikuwa na sehemu ndani yangu iliyochukizwa na ile video na kutaka kuisahihisha kwa kalamu nyekundu. Baba alinipokea kwa furaha. "Mwadila, mayu," akaniamkia kwa Kisukuma chetu, akiniita mama kama anavyowaita mabinti, akanivutia kigoda. Alidhani nimemletea samaki mwingine.

Nikamwambia, "Baba, yule papa hayupo. Amekwisha zamani sana."

"Hata yule wa Tanga walisema hivyo."

"Yule wa Tanga ni samaki mdogo, mtu mzima anaweza kumbeba. Anaishi kwenye mapango, anakula kidogo, hana haraka. Huyu alikuwa jitu. Na papa hung'oka meno maisha yake yote. Angekuwepo, meno mapya ya ukubwa wa kiganja yangekuwa yanaokotwa. Yanayookotwa yote ni ya kale."

"Labda anayaangushia hukohuko chini."

"Huko chini hawezi kukaa, baba. Yeye alikuwa wa maji ya joto, ya juu juu, karibu na nyangumi aliokuwa akiwala. Kilindini ni baridi na giza tupu. Angekula nini? Chakula hakishuki kule ila makombo. Mwili mkubwa hauishi kwa makombo. Hata angejificha namna gani, njaa ingemmaliza."

Niliyasema hayo kwa sauti ya darasani, kidole juu.

"Kwa hiyo chini chakula hakuna," akasema.

"Hakuna, baba."

"Basi mwambie shangazi yako waanue."

Niliposimama nilijiona nimeshinda. Ndugu walikuja, dume la ng'ombe likachinjwa, tukanyolewa nywele, na wifi yangu akaoga, akavaa nguo nyingine, akapanda basi kwenda kwa mama yake. Baba mdogo alinishika mkono mbele ya watu akasema msema kweli ni mpenzi wa Mungu. Nilishukuru. Nilijua kwamba wifi alistahili kuondoka na kwamba kila nililosema kuhusu papa lilikuwa sahihi, na bado sahani yangu ya nyama nilimpa jirani bila kuionja.

Baada ya hapo baba akaanza kukataa chakula. Hakugoma. Alikuwa anamega tonge moja, analishika, analirudisha. Shangazi akapika mlenda anaoupenda, akapika kuku, akagomba, akalia. Nami nikaja na maziwa na maneno yangu mengi. Jumapili iliyopita tulibaki wawili kwenye mkeka, sahani ya ugali katikati yetu.

Nikamwambia, "Baba, kula. Utaugua."

"Sisi tulikuwa tunasema jiwe lilimpiga," akasema. "Jiwe ni jambo la mara moja. Hata mimi moyoni, nikichoka kungoja, nilikuwa naegemea hapo, kwenye jiwe. Lakini aligonga, mayu. Wenzake walimsikia. Mtu aliyepigwa na jiwe hagongi." Alilisukuma tonge pembeni ya sahani. "Mtu akikosa kula kabisa, lakini maji ya mvua yanamfikia, anakaa siku ngapi?"

Somo hilo nalifundisha kila mwaka. Nalijua hatua kwa hatua: mwili unaanza kula nini, unamalizia na nini. Nilitaka kumwambia kwamba hewa ingeisha kwanza, nikakumbuka nami sina hakika. Nilitaka kurudi nyuma mpaka kwenye zile karanga, nimwache na ukimya wake.

"Sijui, baba," nikasema.

Alinitazama bila hasira yoyote, afadhali angekuwa nayo.

"Ya papa uliyajua."