Joto la Kyakimwa mjini Butembo

Kyakimwa alikuwa mnunuzi wa kahawa mjini Butembo. Umri wake ulikuwa miaka arobaini na saba, na alikuwa na ulimi wa kuonja kahawa akajua imelimwa upande gani wa mlima. Alikunywa vikombe kutwa nzima. Mumewe, seremala Syauswa, alizoea kumwona mkali kwa wauzaji. Mwaka ule ukali ukahamia nyumbani.

Butembo ni mji wa baridi, lakini Kyakimwa alianza kulala dirisha wazi, shuka akiitupa chini, jasho likimtiririka. Syauswa naye akawa analala na sweta, soksi na kofia ya sufu.

"Bibi, funga dirisha. Nitakufa na hii baridi."

"Na miye nitakufa na moto. Utajua mwenyewe nani atazika mwenzake."

Alilia kwa sababu chumvi imeisha. Alimfokea mteja, akamwomba msamaha, kisha akamfokea tena kwa kusamehe haraka mno.

Mwezi wake nao ukawa haueleweki, na mwishowe haukuonekana kabisa. Syauswa akafikiri, akatabasamu, akampigia simu mama yake kule Kayna. Mama Kahongya alipanda basi na kuku wa kumlisha mzazi chini ya kiti, akawatangazia abiria wote habari njema. Alipoteremka Butembo, majirani walikuwa tayari wanampongeza Kyakimwa, naye hajui anapongezwa kwa lipi.

Mama mkwe akamshika mkono mpaka kwenye kituo cha afya. Muuguzi Élise, mwanamke wa Kasaï aliyehamishiwa huku na serikali, alimpima, akarudi anacheka kidogo.

"Mama, mimba hapana. Ni homoni zako zinabadilika. Mwezi ukiwa karibu kukatika, mwili unasumbua hivi. Inaweza kuchukua miaka."

"Homoni?" akauliza Mama Kahongya. "Huyo njo nani? Anakaa kartye gani, mtaa gani?"

Élise alieleza polepole. Hakuna cha kufukuza, alisema, ila mwili unaweza kusaidiwa: maharagi na soya, mboga nyingi, kutembea kila asubuhi, kulala mapema. Damu ikitoka nyingi kupita kawaida, arudi mbio. Na magome ya sokoni asiyaguse, maana mengine huumiza ini.

"Na kahawa upunguze. Kikombe kimoja asubuhi, basi."

Kyakimwa akasimama. "Madame, kahawa njo kazi yangu!"

"Donc, onja, kisha uteme."

"Niteme?" Alisema kama mtu aliyeambiwa ateme mate ndani ya kanisa.

Kuku hakuweza kurudi Kayna, kwa hiyo walimla jioni ile na mboga ya lengalenga.

Kesho yake Mama Kahongya alipita sokoni, akarudi na fungu la magome. Muuzaji alikuwa amemhakikishia kwamba yanatibu homoni, minyoo na mikosi. Akayachemsha sufuria nzima.

"Kunywa, mukamwana."

"Mama, muuguzi alikataza."

"Basi itamwangika bure?" Mama Kahongya akainywa dawa yote mwenyewe. Siku iliyofuata alishinda chooni, akiimba nyimbo za misa kwa sauti kubwa ili majirani wasisikie mengine. Kuanzia hapo akawa upande wa Élise kabisa.

Wiki ya kwanza ya kikombe kimoja ilikuwa mbaya. Kichwa kilimgonga Kyakimwa, na Syauswa akahamishia hata chakula chake kwenye karakana. Lakini Kyakimwa alijifunza kuonja na kutema, huku akitazama pembeni kwa aibu. Asubuhi alipanda kilima na mama mkwe wake, ambaye alikuwa mbele daima, akigeuka kumwambia, "Unatembea kama mugonjwa." Majirani wawili wakajiunga nao. Joto halikuisha, ila lilipungua, na usingizi ukarudi. Dirisha likawa linafungwa nusu.

Asubuhi moja askari mgeni, Mukendi, aliwazuia kwenye kizuizi cha kamba. Wanawake wanne, hakuna jembe, hakuna mzigo kichwani, na wanatembea mbio: hakuelewa.

"Bamama, munaenda wapi?"

"Hapana fasi," akajibu Kyakimwa. "Tutafika pale juu, tutarudia."

"Munafuata nini pale juu?"

"Hapana kitu."

"Mama, usinichezee. Sema kweli."

Basi Kyakimwa akasema kweli. Alianza na mwezi uliopotea, akaja kwenye jasho na shuka, Mama Kahongya akaongezea habari za choo, na majirani wale wawili nao kila mmoja alikuwa na yake. Mukendi alitazama viatu vyake, masikio yakimwaka.

"Pita, mama. Pita tu, yote imetosha."

Tangu siku ile, akiwaona kwa mbali, alishusha kamba mapema na kugeukia bonde mpaka wote wapite.