Kipande cha Ngozi ya Kerubo

Niliondoka nyumbani Ekerenyo Jumatatu asubuhi kwa sababu dada yangu Kerubo alikuwa ameanza kuwaka ngozi, na daktari wake alisema anataka kumwona pamoja na mimi niliyempa uboho.

Miezi mitatu kabla ya hapo tulikuwa India. Kerubo alikuwa na saratani ya damu, na katika ndugu wanne ni mimi peke yangu niliyelingana naye. Walinilaza kwa dawa ya usingizi, wakatoboa mfupa wa nyonga, wakavuta uboho, kisha wakamtia yeye mshipani kama mtu anavyoongezewa damu. Tuliporudi, kanisani kwetu walitusimamisha mbele siku ya Sabato, watu wakaimba huku wakilia. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili wa shule ya msingi na mwenye mashina machache ya chai. Sikuwa nimewahi kushangiliwa namna ile, na siwezi kusema sikufurahia.

Saa tatu asubuhi nilifika Suneka, ambako Kerubo anaishi na mumewe, Ouma. Ouma ni mtu wa upande wa ziwani, anauza vifaa vya ujenzi pale sokoni, na kwa sababu hajui Ekegusii, nyumbani kwao huwa tunaongea Kiswahili akiwapo. Dada yangu ni fundi wa kushona. Nilimkuta ameketi kando ya cherehani amegeuza viganja juu, kama mtu aliyeshika unga.

"Shemeji, mwangalie masikio," Ouma aliniambia. "Juzi ilikuwa mikononi tu."

Viganja vyake vilikuwa vyekundu kama vimemwagiwa maji ya moto. Nyuma ya masikio na shingoni kulikuwa na upele mdogo mdogo, ulioshikana. Nilitaka kumsalimia kwa mkono nikakumbuka, nikamgusa begani.

"Mwalimu, usiniangalie hivyo," alisema. Ameniita Mwalimu tangu nilipopata kazi. "Ni dawa zimenikataa."

Nilishikilia maneno hayo siku nzima.

Kisii mjini tulifika kabla ya saa sita. Daktari wake wa ngozi alikuwa mama mmoja mpole, mgeni katika sehemu zetu, anayesema polepole. Alimvua Kerubo viatu, akatazama nyayo, akabonyeza ngozi kwa kidole, kisha akatugeukia sote watatu.

"Kuna mambo mawili," alisema. "Wiki iliyopita alianza antibiotiki mpya. Inawezekana mwili umeikataa, na hilo ni rahisi, tunaiacha. La pili ni kwamba uboho aliopewa umemwona yeye kama mgeni, na sasa unamshambulia. Kwa macho siwezi kutofautisha. Nataka kukata kipande kidogo cha ngozi."

"Na ikiwa ni hilo la pili?" Ouma aliuliza.

"Nitampa dawa nyingi za kuzima kinga ya mwili. Na kinga yenyewe hana ya kutosha. Ndiyo maana sitaki kubahatisha."

Alimdunga sindano ya ganzi mgongoni karibu na bega. Kisha akachukua kifaa kama kalamu, chenye mdomo wa duara wenye makali, akakizungusha mara moja. Nilimshika dada yangu kwenye kiwiko, mahali ambapo hapakuwa na upele. Kipande kilichotoka kilikuwa kidogo kuliko punje ya mahindi. Daktari alishona uzi mmoja, akakitumbukiza kipande ndani ya kichupa cha fomalini, dawa ya kuzuia kisioze, akaandika jina.

"Umeshakata?" Kerubo aliuliza.

"Nimeshamaliza, mama."

"Mbona kadogo hivyo?"

Daktari akaniambia kwamba mtaalamu anayemwamini kusoma ngozi ya watu waliopandikizwa yuko Nairobi. Akituma kwa parseli, majibu yatachelewa. Nikikipeleka mwenyewe, mtaalamu atakitengeneza usiku huo na kukisoma siku ya pili. Nilisema nitakwenda.

Jumanne asubuhi niliondoka Kisii na kile kichupa kwenye mfuko wa shati, kimefungwa kwa mifuko miwili ya plastiki. Tulipita Keroka, tukapita Sotik ambako wachumaji wa chai walikuwa tayari mashambani na vikapu mgongoni, tukateremka hadi Bomet. Katika mashamba ya ngano ya Narok, niliona aibu kwa sala niliyokuwa nikisali. Niliomba dada yangu awe amekataliwa na dawa. Niliomba iwe chochote isipokuwa mimi. Abiria wa pembeni yangu, mzee aliyekuwa akienda kumwona bintiye aliyejifungua, aliniuliza ninaenda kufanya nini Nairobi. Nilimwambia nina mgonjwa.

"Yuko hospitali gani?"

"Yuko nyumbani," nilijibu, jibu ambalo halikueleweka hata kwangu.

Alasiri nilikabidhi kichupa kwenye maabara, nikalala kwa binamu yangu.

Jumatano saa tisa mtaalamu aliniita ndani. Alikuwa mwanamume wa makamo aliyevaa miwani mbili, moja machoni na nyingine juu ya kichwa. Alikuwa ameshaandika ripoti, angeweza kunipa bahasha na kuniaga. Badala yake aliniuliza mimi ni nani wa mgonjwa. Nilipomwambia mimi ni mwalimu, ndugu yake niliyempa uboho, alivuta kiti akanikaribisha kwenye hadubini.

Niliona rangi ya waridi na zambarau. Alinieleza polepole: huu mstari ni sakafu ya ngozi ya juu, mahali seli mpya zinapozaliwa. Hapa sakafu imetoboka matundu. Seli hii iliyokunjamana imekufa, na hii, na hii. Na hivi vidoti vyeusi vilivyoizunguka ni seli za kinga zilizoingia kutoka kwenye damu.

"Ndizo zinazoua?"

"Ndizo."

"Ni zangu?"

Alivua ile miwani ya machoni. "Mwalimu, kwenye kioo hiki seli hazina jina. Uboho wako ulishika?"

"Ulishika. Walituambia damu yake yote sasa inatoka kwangu."

Alirudi kwenye ripoti akanisomea: mabadiliko yanaafikiana na ugonjwa wa mpandikizo kumshambulia mwenyeji, daraja la pili, lakini uwezekano wa mzio wa dawa hauwezi kuondolewa kabisa.

"Kwa hiyo hujui," nilisema. Nadhani nilipaza sauti.

"Ngozi peke yake haimalizi maneno. Dawa inaweza kuacha alama zinazofanana na hizi. Daktari wako ataiweka pamoja na mengine. Je, ameanza kuharisha? Macho yana manjano?"

Nikampigia Ouma nikiwa bado nimeketi pale. Alisema tangu asubuhi Kerubo ameharisha mara ambazo ameacha kuhesabu. Mtaalamu alisikia, maana simu yangu ina sauti kubwa. Alichukua kalamu akaandika mstari mmoja chini ya ripoti, kwamba kuharisha kunaelekeza kwenye mpandikizo, akaitia sahihi upya.

Alhamisi nilirudi. Sikumbuki Narok wala Bomet. Nilishuka Kisii, nikampa daktari bahasha, akaisoma amesimama, na jioni hiyo hiyo Kerubo akalazwa na kuanzishiwa steroidi nyingi, zile dawa za kuzima kinga. Nilimkuta kitandani, ngozi ya viganja imeanza kufanya malengelenge. Ouma alikuwa ametoka kununua maji.

"Wamesema nini?" Kerubo aliniuliza kwa Ekegusii.

Nilikuwa nimepanga kumwambia ni mambo ya daktari. Nikamwambia yote, hadi vile vidoti vyeusi.

Aligeuza viganja juu akavitazama. "Kwa hiyo ni wewe unanichapa."

"Ni mimi."

"Hata utotoni ulikuwa unanichapa," alisema, akacheka, na kicheko kikamuuma midomo iliyopasuka. Kisha akafumba macho. "Usimwambie Mama hivyo. Mwambie ni dawa."

Nilimwambia Mama ni dawa. Mpaka leo anailaani ile antibiotiki.

Wiki ya kwanza ngozi ilitulia, tukapata matumaini mabaya. Wiki ya pili macho yakawa manjano na tumbo likakataa kufunga. Daktari alitaka kukata kipande kingine aone kama ngozi imeitikia dawa. Kerubo alisema hapana, wamekata vya kutosha. Wiki ya tano aliingiwa na maambukizi kifuani, akafa saa nne asubuhi, mimi nikiwa darasani. Tulimzika kwa akina Ouma, upande wa ziwani.

Nilichojifunza katika safari ile si kitu cha kumpa mtu. Nilijifunza kwamba unaweza kukipeleka kipande cha ngozi mbali, kikasomwa na mtu mwaminifu, kikasema karibu ukweli wote, na mgonjwa asipone. Nilijifunza pia kwamba hakuna mahali pa kwenda kumwomba mtu msamaha kwa jambo ambalo mwili wako ulilifanya bila kukuuliza.

Mwezi uliopita mwanamume mmoja kutoka Birongo alinifuata hadi shuleni. Amepimwa, uboho wake ukapatikana unalingana na wa kaka yake, na mtu fulani amemwambia mimi nilishapitia. Tulikaa kwenye benchi nje ya ofisi nikamweleza kila hatua, wala sikumficha mwisho. Alisikiliza kofia ikiwa mikononi.

"Mwalimu, ungerudishwa nyuma, ungetoa tena?"

"Ningetoa," nilimwambia.

Alinishukuru, akavaa kofia, akaenda zake akiwa amenyooka kuliko alivyokuja. Nilibaki pale kengele ikilia, watoto wakiingia darasani, nikijaribu kujua kama nilikuwa nimemwambia ukweli.