Kumi na Sita Langoni Mwangu

Hapa sokoni Kibondo, ninakouza maharage, wananiita Kumi na Sita. Nilihama Kasulu nikidhani jina litabaki huko, kumbe redio inafika kila mahali. Kila msimu wa kombe ukianza, mtangazaji lazima aikumbushe nchi nzima ile rekodi: timu ya wakulima ilifungwa kumi na sita bila. Wacheke tu. Wanachokijua ni nusu.

Timu yetu ilikuwa ya kijiji. Asubuhi tunalima, jioni tunacheza. Kipa namba moja alikuwa Mkongomani wa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, muuza sabuni, mpole, mwenye mikono kama majembe. Yeye ndiye aliyetufikisha raundi ile. Mimi nilikuwa kipa wa akiba, yaani mbeba maji, miaka mitatu benchi. Alinifundisha kudaka, tukala sahani moja, na bado nilimwonea kijicho hadi roho ikaniuma.

Droo ikatupa timu ya ligi kuu, mechi ichezwe Kasulu. Mwenzangu hakuficha furaha. Aliamini wakubwa wakimwona watamchukua, na maisha ya kambini yataisha. Lakini hatoki kambini bila kibali, na kibali kilitaka barua ya kijiji yenye muhuri. Barua hiyo nilikuwa naipeleka mimi kwa baiskeli kila mechi, na safari hii nikapewa tena. Nilifika hadi kwenye kizuizi cha kambi, nikasimama kidogo, nikageuza baiskeli. Kocha nikamwambia nimeifikisha.

Siku ya mechi kipa hakutokea, nikavaa jezi namba moja. Bao la kwanza liliingia hata jasho halijanitoka. Kufika mapumziko yalikuwa tisa. La kumi na mbili nilijifunga mwenyewe, mpira wa kudakwa hata na mtoto, ukaniponyoka ukapita katikati ya miguu. Mashabiki wetu waliacha kunizomea, wakaanza kuhesabu kwa sauti, na bora wangenitukana. Shemeji yangu, aliyecheza beki, hakunitazama tena mpaka filimbi ya mwisho. Straika wao alikuja kunipa mkono akasema, “Pole, kaka.” Nilitamani nimpige.

Wiki iliyofuata nikakutana na Mkongomani wangu kwenye soko la karibu na kambi. Mechi yote aliisikiliza redioni. Nilijiandaa anivunje meno, na kwa kweli ningeshukuru. Badala yake akanitia vipande viwili vya sabuni mkononi.

“Barua haikufikaka, ndugu yangu,” akasema. “Itakuwa ilipotea njiani. Unisamehe, nilikuacha peke yako.”

Nikamwambia si kitu. Barua ilikuwa bado kwenye mfuko wa nyuma wa suruali niliyoivaa. Nilipofika nyumbani niliifua suruali ile kwa sabuni yake, na barua sikuitoa.